Mshika Futi Kamba

Kawe, viwanja vya Tanganyika Packers, saa mbili asubuhi,
umande umeshaondoka, vumbi limesharipoti kazini.
Nchi kumi na moja zimekuja kutupa buti.
Si mkuki, si tufe, si kisahani.
Buti la mpira, lile la mvua, la kuoshea magari,
namba thelathini na nane kwa wanawake,
arobaini na tatu kwa wanaume,
na la kulia tu; la kushoto haliruhusiwi.
Kanuni ya nne. Niliisoma usiku mara mbili
nisije nikacheka mbele ya wageni.

Mimi ni mshika futi kamba.
Kibwana anashika sifuri kwenye mstari,
mimi nakimbilia buti lilikoangukia,
nachomeka kijiti, navuta utepe, nataja namba.
Miaka ishirini na sita nimevuta utepe ofisi ya upimaji,
leo ndiyo mara ya kwanza kupigiwa makofi.

Wafini wanatupa kinyumenyume.
Wanaupa uwanja kisogo, wanainama,
wanachungulia dunia katikati ya magoti.
Kwetu mtoto akiinama hivyo
bibi hutandika mkeka: anaita mgeni huyo.
Sasa hawa, wageni wenyewe, wanamwita nani?
Buti linapaa, linapiga samasoti juu ya jua,
watoto wa shule wanalihesabia mizunguko,
linatua puu, kama aliyekuwa ndani yake
amebadili mawazo njiani.

Bendera nyeupe. "Ndani!" naita.

Na neno hilo likanirudia mdomoni na ladha ya rangi.

Bonde la Msimbazi, ule mwaka.
Tulipima kutoka ukingo wa mto hadi ukutani.
Mita sita: ndani. Mita kumi na moja: ndani.
Nyuma yangu kijana na kopo jekundu
akichora alama ya mkasi kwenye kila niliyoitaja.
Mama Chausiku alikuwa anakamua godoro.
Hakulia, hakutukana. Aliuliza tu:
"Baba, kamba yako inapima na kwenda chini?
Maana maji yalinifika hapa,"
akaonyesha kifuani.
Juu ya bati lake kulikuwa na buti la mtoto, jekundu,
limejaa tope hadi mdomoni.
Sikuliuliza la pili.
Nilitaja namba.

"Mwamuzi! Mwamuzi wa kamba!"
Nipo, nipo.

Anaingia Sikudhani Mbonde, mosha sakafu wa Feri,
miguu yake imekaa ndani ya buti
kuliko ilivyokaa ndani ya nyumba.
Jaribio la kwanza, buti linaangukia beseni la muuza kashata.
La pili amekanyaga mstari.
La tatu anavua kilemba, anamkabidhi Mjerumani amshikie,
halafu hazunguki, hainami,
anatupa vile unavyomtupia paka aliyeiba changu.
Mita thelathini na moja na sentimita nne.
Wa saba kati ya kumi na tisa,
na shangwe ya mtu wa kwanza.

Jioni wanapigana picha, wanabadilishana fulana.
Nyuma ya hema kuna katoni tatu:
mabuti ya kushoto, mapya, yananuka duka,
yamekaa siku nzima bila kazi.
Sikudhani anachagua mawili, anayapima na unyayo.
"Yote ya kushoto hayo," namwambia.
"Na maji yanajua?" ananijibu,
anayafunga kwenye kanga, anaondoka
akichechemea kwa majaribio, akicheka peke yake.

Nikabaki na katoni.
Nikachukua moja dogo. Sijui kwa nini dogo.
Nikaanza kukunja utepe, ukawa mzito, hauji.
Nikageuka.
Kule mbali, mstarini, gizani,
Kibwana bado kachuchumaa, kaishika sifuri yake.
Hakuna aliyemwambia tumemaliza.