Kopo la Vipande

Kopo la Kimbo, kifuniko kimeshika kutu.
Nalifungua kwa mkia wa kijiko
kila Jumapili, mvua ya Tukuyu ikipiga bati
hata redio haisikiki.

"Vyuma vya wazimu wako," husema Subilaga.
Nimeviokota kwa wapima skrepa wa Kiwira,
kwenye droo ya fundi cherehani,
kwenye shingo ya mbuzi;
kimoja kilikuwa kimeziba tundu la sufuria.

Shaba. Bati. Tundu juu la kupitishia kamba.
Namba, na herufi mbili za shamba
lililokwisha kubadili jina mara tatu.
Kapu moja la chai, kipande kimoja.
Jioni unapanga foleni dirishani,
unatoa chuma, unapewa senti,
chuma kinarudi ndani kungoja kesho.

Kimoja si cha huku.
Nilibadilishana kwa barua na bwana mmoja
wa visiwa vya Karibi: viwili vya chai
kwa kimoja cha ndizi.
Kina pembe nane, na mkungu umegongwa katikati.
Wenye vichane tisa, aliandika, ulihesabiwa mzima;
wa saba, nusu.
Nikacheka peke yangu. Juzi tu pale Kiwira
mnunuzi kapiga teke mkungu wa shangazi:
"Huu mdogo, mama, huu ni nusu."

Leo kaja Atupakisye kuomba chumvi.
Akaketi, akavipekua vipande mezani
kama anayechambua maharage.
Kidole kikasimama. Mia mbili kumi na mbili.
"Hiki changu."

Nikatabasamu, Mungu anisamehe.
"Nilikiuma," akasema,
"uchungu uliponishika katikati ya mistari ya chai.
Nilipojifungua, dirisha limefungwa.
Nilipopona, karani ni mwingine:
cha juzi ni cha juzi."

Nikakisogeza kwenye mwanga. Alama mbili za meno.

Kwa majivuno ya mkusanyaji nikamwambia:
hiki ni adimu, bibi, kina thamani kubwa.

"Kwa nani?"

Mvua ilijibu kwa niaba yangu.
Maana vilivyolipwa vilirudi dirishani,
vikazunguka mpaka vikalika, vikayeyushwa.
Vilivyonifikia mimi
ni vile ambavyo mwenyewe hakulipwa.
Miaka kumi na tisa nakusanya madeni
nikidhani nakusanya vyuma.

Na wewe wa pembe nane,
nani alirudi nawe nyumbani mfukoni,
bega likiuma, meli imekwisha kung'oa nanga?

Atupakisye alikifunga kwenye pindo la kanga,
akachukua na chumvi yake. "Ndaga."
Mlangoni akageuka:
"Kapu lilikuwa limejaa. Uandike."

Nimefungua daftari.
Namba 212, shaba, meno mawili.
Hakipo tena.
Kapu lilikuwa limejaa.