Jino Nyuma ya Chonge

Unga Limited, nyuma ya gereji ya matrekta,
tunachemsha mafuvu kwenye pipa la lami.
Kazi yangu ni chumvi: kilo arobaini ngozi ya nyati,
simba ishirini na tano, uanze na masikio,
masikio hayangoji.

Kila kichwa huja na karatasi yake,
namba ya kitalu, tarehe, mhuri wa zambarau,
na neno *mgawo*,
ambalo kwetu Akheri lilikuwa la mbuzi wa Krismasi:
mjomba kidari, shangazi figo,
sisi watoto utumbo, tena tushukuru.

Kitalu kile kilipewa simba wawili mwaka huu.
Si watatu. Madume, miaka sita kwenda juu,
waliokwisha kuzaa, waliokwisha kufukuzwa.
Karatasi ndivyo isemavyo, nami siibishii.
Nimeyaona mapori yasiyo na karatasi:
tanzi za waya wa breki,
punda milia wamebanikwa kama kambale.

Alhamisi akaja wa pili.
Mgeni aliyempiga keshapanda ndege KIA,
ameacha anwani ya sanduku na vipimo vya ukuta wake.
Nikaingiza kidole mdomoni.
Nyuma ya chonge la juu kuna jino dogo,
halitafuni, halirarui,
limekaa tu kama mlinzi wa benki.
Simba akizeeka, jino hujaa ndani.
Hili nililikata kwa msumeno wa chuma:
tundu lake, njiti ya kiberiti inapita.

Minne. Labda minne na masika moja.

Ndelilio, mwenye karakana, akazima redio.
"Simba hafufuki, Nanyaro. Andika sita.
Ukiandika minne, mwakani kitalu kinapunguziwa,
na fungu la kijiji linapungua nacho.
Zahanati yao haina hata paa."

Ni kweli, haina. Nimelala pale.
Lakini sita ya uongo huzaa mgawo wa uongo,
na mgawo wa uongo hula watoto wa simba
bila risasi, bila mgeni, bila mhuri.
Hilo sikulisema. Nina watoto watatu,
na mshahara ni wake.

Kesho anakuja Bi Akyoo, mkaguzi, na lenzi yake.
Nimeliweka jino mezani, vipande viwili,
juu ya karatasi, pale palipoandikwa *Umri*.
Sikujaza kitu.
Ndelilio ameliona, akapita,
akarudi, akaliona tena,
hakuliondoa.

Nikarudi kwenye masikio.
Chumvi ilikuwa imeisha.