Baki

Julai, Mabela. Kiyoyozi cha sebuleni kinakohoa,
maji ya bomba la baridi yanaunguza vidole,
nami nimelala kifudifudi juu ya zulia
na kitabu cha hesabu za kompyuta
alichokipigia mistari mtu mwingine kabla yangu,
kwa wino mwekundu, hadi ukurasa wa arubaini.
Hapo alichoka. Mimi niko thelathini na nane.

Chuo kinafunguliwa Septemba.
Nilidhani nitafundishwa kusema na mashine;
kumbe kwanza nijue maana ya "kama",
maana ya "au",
na kwamba "baadhi" yaweza kuwa mmoja.
Nachora majedwali: kweli, uongo, kweli, kweli.
Kama ng'ombe wana mbawa, basi leo ni Ijumaa.
Ni kweli, kinasema kitabu, na leo ni Jumanne.
Nimebishana nacho mpaka adhana ya alasiri.

Shangazi Zamzam anachambua mchele:
"Ukoo wetu hesabu hazituingii.
Babu yako alifeli, baba yako akafeli,
na Mundhir ndiyo huyo, anauza matairi Barka."
Shangazi, umeonyesha watatu.
Hujaonyesha kwamba kila aliyefeli
lazima afuatwe na wa kufeli.
Na mfano mmoja wa kinyume
unatosha kuukata mnyororo wote.
(Sikulisema hilo. Mchele ulikuwa wake,
na mimi nilikuwa na njaa.)

Kilichonifungua macho si kitabu, ni vitumbua.
Mama anapika kwa oda. Mteja wa Al Khoudh
alipiga simu, akataka mia, saa nne, kwa Kiarabu.
Mama akaandika ukutani: saa nne.
Na saa nne yetu, jua likiwa bado na adabu kidogo,
vitumbua vilikuwa tayari, vinafuka moshi.
Mteja akaja saa kumi, ndiyo saa nne yake,
akavikuta vigumu kama kokoto za wadi.
Tulivila wenyewe siku tatu, kwa chai.

Usiku ule nikachora duara, nukta kumi na mbili.
Ongeza sita. Ukizidi, gawa kwa kumi na mbili,
usitazame jibu, tazama baki.
Kutoka saa yao kuja yetu: sita.
Kutoka yetu kwenda yao: sita ileile.
Nikarudia, nikidhani nimekosea alama,
nikatafuta wapi pa kutoa.
Hapana pa kutoa.
Njia ya kwenda ndiyo njia ya kurudi,
na ukiipita mara mbili
ni kama hukuondoka.

Kwa saa, lakini.
Bibi aliondoka Unguja na sanduku moja na cherehani,
akabaki hapa. Dada zake wakabaki kule.
Sijui nani aliyegawa, wala kwa ngapi.
Daftarini mwangu neno ni hilo hilo,
nami hulipigia mstari, naendelea.

Ukurasa wa arubaini na moja ni mweupe.
Wino wangu ni wa buluu.

Asubuhi ya mtihani wa kupangiwa madarasa
Mama yuko jikoni, unga mpaka viwikoni.
"Saa ngapi?"
"Saa tatu."
"Yetu au yao?"
"Yetu."
Nilijibu bila kuhesabu.
Kisha garini, kwa vidole,
Mundhir asione,
nikahesabu.