Usaili, Uyole

Maswali tisa, nyuma ya risiti ya mbolea.
Uji wa lishe unaujua? Ndiyo.
Gesi? Nitajifunza.
Kwa nini uliacha kazi kule Forest?
Atuganile anatazama mlango.
Ukungu umeingia naye, haukungoja karibu.

Swali la tano, Lutengano analia chumbani.
Kabla sijaweka kalamu keshambeba,
keshampapasa nyayo:
"Dada, miguu ya baridi. Soksi ziko wapi?"
Sijui ziko wapi.

Anayumba kidogo, kushoto, kulia,
mwili wake unamkumbuka mtu.
Na wa kwako, kabebwa na nani?
Hilo halimo kwenye risiti.
Nikauliza la sita:
laki moja, chakula juu yangu, sawa?

"Sawa.
Na wewe hurudi saa ngapi?"