Daftari la Maziwa

Saa kumi na moja alfajiri nafungua dirisha la chama,
nawasha mizani, nasuuza bomba la kupimia mafuta.
Kazi yangu ni ndogo: jina, lita, mafuta, rupia.
Miaka kumi na tisa nakiandika kijiji hiki,
upande wa Kachi, chumvi inapoanzia,
na kwa tarakimu tu najua
nani ana mgeni, nani ana mtoto mchanga,
nani ameongeza maji akatazama pembeni.

Jivuben: lita kumi na moja na nusu.
Jivuben: tisa.
Jivuben: nne, na mkono wake haukuachia mpini wa ndoo.
"Kabri ana vinundu," aliniambia,
"kama aliyemwagiwa kokoto chini ya ngozi."

Nikaandika nne.

Walichemsha mwarobaini, mti wa dawa arobaini;
ugonjwa huu ulikuwa wa arobaini na moja.
Wakapaka manjano na samli, wakafukiza moshi,
wakaacha kutembeleana,
maana nzi hajui mpaka wa zizi wala undugu.
Haba na haba hujaza kibaba,
na haba na haba hukikausha.

Kisha mitambo ya kuchimba barabara ikaja kuchimba makaburi.
Hirabhai, ambaye baba yake na babu yake
walichuna kila ng'ombe aliyekufa hapa
(na kwa kazi hiyo hajawahi kukaribishwa chai ndani ya ua),
alisimama na kisu chake kikavu:
amri inasema wazikwe na ngozi zao,
juu yao chumvi na chokaa.
Alihesabu ngozi zikiingia ardhini
kama mtu anayetazama duka lake
likiungua kwa utaratibu.

Muuza chai akabadilisha glasi, akaleta fupi.
Harusi ya Lakhma ikasogezwa, ikasogezwa tena,
hadi upande wa bwana harusi ukaacha kupiga simu.
Redioni mtaalamu mmoja akasema hasara ni asilimia kadhaa,
uchumi utahimili.
Sikujua asilimia moja ina kwato ngapi.

Kabri alikufa Jumanne. Jumatano
Jivuben alikuja, nafasi yake ileile, ya tatu kwenye foleni,
akaweka ndoo juu ya mizani.
Ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa tupu.

"Jivuben, nenda nyumbani."

"Andika."

Kanuni ya kumi na nne, niliyoinakili mimi kwa mkono wangu:
asiyefika dirishani siku sitini jina lake hufutwa,
hapigi kura, hakopeshwi.
Na bila mkopo, ndama atatoka wapi?

Nikaandika sifuri.
Kesho yake sifuri. Kesho kutwa sifuri,
na nyuma yake Valuben, na nyuma yake mjane wa Karsan,
ndoo zinang'aa, hakuna anayezungumza,
mizani ikipima bati na umande.
Dereva wa lori hushuka, huitazama foleni,
hulitazama tangi, hurudi kwenye usukani
na kungoja mpaka wa mwisho apimwe.
Mshahara wangu hutoka kwenye lita hizo hizo.
Sijamwambia mtu.

Leo ni siku ya sabini na moja.
Majina yote yapo.
Nimenunua kalamu nyingine:
sifuri nayo hula wino.