Dakika Nne

Simu ya stesheni hulia mara mbili.
Naandika kwenye daftari: saa, namba ya treni, sahihi yangu,
kisha natoka, bendera kwapani,
kulisukuma geti la chuma, hatua kumi na tatu.
Gurudumu lake la kushoto hulia kama mtoto aliyenyimwa.
Nimeomba grisi tangu mwaka juzi.

Hapa Nam Dinh pikipiki hazipendi kuambiwa subiri.
Hupenyeza pua mpaka chuma kiziguse.
Mwanamume mmoja wa kofia ya kijani hunitazama
kana kwamba treni nimeizaa mimi.
Dakika nne tu. Nani hana dakika nne?

Mimi sikuwa nazo.

Mwaka aliokufa mume wangu Khue,
wifi yangu alinipeleka pagoda, ile ya nyuma ya soko la vitambaa.
Mto wa kukalia. Ubani. Ngoma ndogo ya mbao, ko, ko, ko.
Tukaambiwa: ifuate pumzi.
Nikaifuata. Ikanipeleka moja kwa moja hospitalini,
kitanda cha pili kutoka dirishani,
kwenye bili, kwenye soksi zake ambazo hadi leo sijazifua.
Wenzangu walitulia kama maji ya mtungi.
Mimi nilikuwa maji ya kuoshea samaki.
Jumapili ya tatu sikurudi.
Nikajisemea, utulivu ni wa wenye magoti mazima.

Basi usiku mmoja wa Julai komeo likakatika.
Geti halishiki. Ikabidi nilishike mwenyewe,
mgongo kwa reli, uso kwa watu,
na treni ni ile ndefu ya mizigo, mabehewa ya saruji.
Sikuwa na mkono wa kushika simu,
wala wa kufuta jasho.
Mikono yote miwili ilikuwa na kazi moja,
nami, kwa mara ya kwanza tangu mazishi,
nikawa na kazi moja.

Nikaona.
Msichana nyuma ya baba yake anaguguna hindi,
punje kwa punje, mstari kwa mstari, kama anayesoma.
Mwanamke amepakata kioo cha kabati,
na ndani ya kioo treni inakwenda inakotoka.
Wa kofia ya kijani amezima injini.
Ana kidonda kidoleni. Anakipuliza.
Chuma kilikuwa bado na joto la mchana,
kikatetemeka, nikatetemeka nacho,
na pumzi, ile niliyoifuata nikapotea,
ikaja yenyewe, kama paka asiyeitwa.

Sikupata nuru. Naomba nieleweke.
Behewa la mwisho likapita na kitaa chake chekundu,
wakapiga honi, wakanifokea, wakaenda zao,
nami nikaandika: saa mbili na dakika kumi na mbili usiku,
komeo limekatika.

Fundi alikuja baada ya siku sita.
Komeo sasa ni jipya, linang'aa,
lakini mkono wangu nauacha palepale juu ya chuma.
Si kila siku hufaa kitu.
Mara nyingi nahesabu madeni
kuanzia kichwa cha treni hadi mkiani.

Ila juzi binti yangu alipiga simu kutoka Hai Phong,
na hasira zake zile za zamani,
kwamba sikulia pale kitandani, mbele ya watu.
Majibu yangu yalikuwa yameshapanga foleni,
injini zinanguruma, taa zimewaka,
kila moja lapenyeza pua.
Nikayafungia geti.
Nikamsikia mpaka mwisho. Nikasikia hata kijiko chake
kikigonga kikombe, na baada ya hapo
kimya, kirefu kama mabehewa ya saruji.

"Mama, bado upo?"

Nipo, nikasema.
Na nyuma yangu simu ya stesheni ikalia mara mbili.