Siku ya Kumi

Alhamisi, akina mama wa kanisa letu la Limbani
tulikaa juu ya jamvi lile lile la kuanikia karafuu,
Bi Apolonia akatusomea habari za Abigaili,
mke wa tajiri ambaye jina lake lilikuwa ndiyo tabia yake.
Tukacheka. Tukaangaliana, tukanyamaza.
"Mume haitwi mpumbavu," alisema Filomena.
Bi Apolonia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni.
"Aliyeandika hakufuta, nami sifuti.
Lakini tazameni alilisema saa gani,
na mbele ya nani aliyeshika upanga."

Hilo la saa ndilo nililoondoka nalo.

Maana mwaka ule Silvano, mume wangu, alikuwa amelewa.
Si pombe.
Alilewa bei.
Vijana wa Faki Shaame walichuma kwetu wiki tatu,
usiku wakalala barazani kulinda majamvi,
halikupotea hata konyo.
Walipokuja kudai malipo yao, akawauliza mlangoni:
"Faki ndiye nani? Shaame ndiye nani?
Siku hizi kila mtu anajiita mchumaji."

Nilikuwa jikoni, juu ya mbuzi, nakuna nazi.
Nikajikata kidole.
Sauti ile niliijua: niliisikia Alhamisi.

Jioni mtoto wa Bi Mize akaja mbio,
eti huko Bopwe mapanga yananolewa, na si ya kufyekea.
Sijui kama ilikuwa kweli. Sikungoja kujua.

Abigaili alibeba mikate mia mbili, divai, kondoo, tini.
Mimi tini sijaziona maishani,
na divai nimpelekee nani, Pemba hii?
Nikachukua mofa arubaini kwa Bi Mize, kwa deni,
mkungu wa mkono wa tembo, ndoo ya maji ya ukwaju,
na fedha yangu ya makonyo, iliyokuwa katika kopo la majani ya chai.
Silvano sikumwambia.
Hapo ndipo wengi hunisimamisha: hukumwambia?
Sikumwambia. Hata Abigaili hakumwambia wake.

Gari la ng'ombe lilipofika kisimani nikashuka.
Amani haiombwi kutoka juu.
"Faki, mwanangu, kosa hili liwe langu."
Halikuwa langu. Nalijua, naye alijua,
na kwa kuwa tulijua sote wawili, likawa jepesi.
"Kesho kutwa wewe ndiye mtu mzima wa mtaa huu.
Usiuanze utu uzima wako na damu
ya mtu asiyejua kuhesabu."
Akatazama mofa. Bado zilikuwa za moto.
Akacheka kidogo, kwa pua.

Niliporudi, Silvano alikuwa anazidisha kwenye karatasi,
pishi kwa bei, bei kwa pishi, akipiga mluzi.
Nikapika chai, nikameza ulimi.
Asubuhi, alipokwisha kunawa uso, nikamwambia yote,
na jina la kila kijana anayedai.
Akawa kama jiwe, kikombe mkononi.

Bi Apolonia alikwisha kuufunga ukurasa;
mimi ndiye niliyebaki nao.
Siku ya kumi, yule tajiri alikufa.
Basi nikahesabu.
Siku ya tatu hakusema nami. Ya tano alikula kidogo.
Usiku wa nane niliamka kusikiliza pumzi zake
na, Mungu anisamehe, sikujua
nilitaka kusikia nini.

Siku ya kumi, upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu.
Nikatoka mbio na khanga moja.
Yuko uani, ameinama, pishi ya bati mkononi,
anapima upya, polepole, midomo ikichezacheza,
na Faki amechutama mbele yake, anahesabu naye.
Pishi ikajaa hadi ikamwagika.
Hakuisawazisha kwa kiganja.

Alhamisi hii ni zamu yangu kufundisha.
Sitawaambia mume hubadilika; wa Abigaili hakubadilika.
Nitasema mkate utangulie maneno.
Nitasema shukeni, na saa mwichague.
Lile la usiku wa nane
sijui kama nitalitaja.
Pengine nitaanzia hapo.